Jina la Hadithi si Mahubiri

Twaandika juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni jina liandikwalo juu ya hadithi. Twasema hasa hadithi za ajabu, zile ambazo ndani yake wanyama husema, miti hutembea, na mtoto hushuka kisimani akatokea nchi nyingine. Vijana wetu wapenda kuziandika, nasi waalimu twafurahi. Kijana akiisha kuandika hutuletea daftari lake, hutuonyesha jina aliloliweka juu, akauliza, "Je, jina hili lafaa?" Na majibu tumpayo, kwa desturi yetu, ni mawili tu. La kwanza ni, "Zuri sana, Mungu akubariki." La pili ni, "Badilisha, tia jina lenye mafundisho." Twataka kusema wazi ya kuwa majibu hayo yote mawili ni mabaya, na lile la pili limekwisha kuua hadithi nyingi kuliko mchwa.

Jibu la kwanza halihitaji maneno mengi. Ni adabu isiyo na kazi ndani yake. Aliyeulizwa hajasoma, au amesoma ukurasa mmoja, naye asifu ili mwenye daftari aende zake kwa furaha. Seremala akimwona mwanafunzi wake ameunda kiti chenye mguu mmoja mfupi, hamwambii, "Kizuri sana," maana ajua ya kuwa kesho mgeni atakikalia.

Jibu la pili ndilo tutakalolipigania. Tutatoa mfano mmoja tuujuao, bila kutaja mtu wala mahali. Mwalimu mmoja mwanamke, angali kijana, alitunga hadithi ya mtoto aliyetumwa na mama yake kuteka maji. Kamba ikakatika, ndoo ikaanguka, naye mtoto akaishukia ndoo ya mama yake, akatokea katika mji ambao vivuli hutangulia mbele na watu hufuata nyuma. Kivuli kikiketi, mwenyewe hana budi kuketi. Kivuli kikienda sokoni, mwenyewe huenda, ajapokuwa mgonjwa. Mtoto yule peke yake ndiye ambaye kivuli chake kilimfuata, na watu wa mji walipoona hivyo wakamwogopa. Mwandishi akaiita hadithi yake "Mji wa Vivuli."

Hadithi ile ikapelekwa mbele ya kamati ya wazee na waalimu wenye kuchagua masomo ya shule. Kamati wakaipenda, wakaikubali, walakini jina wakalifuta bila kumwuliza mwenyewe, wakaandika "Matokeo ya Kutowasikiliza Wazazi." Alipouliza sababu, aliambiwa ya kuwa jina lake la kwanza halikuwa na faida. Sasa, wasomaji, tazameni. Mtoto yule alitumwa na mama yake, naye alitii. Hakuna mahali hata pamoja katika hadithi ile alipokataa neno la mzazi. Jina lile jipya lilitoka wapi basi? Twadhani lilitoka katika mazoea: mtoto akiingia kisimani, bila shaka alikuwa mkaidi! Siku hadithi ile iliposomwa katika Darasa la Nne, na jina lake jipya juu yake, mtoto mmoja aliinua mkono kati ya masomo akauliza, "Mwalimu, atakosa lini?" Watoto wote walikuwa wakilingoja kosa. Vivuli vilipita mbele yao, mji ukapita na soko lake, nao hawakuuona, kwa kuwa jina lilikuwa limewaagiza kutazama upande mwingine. Na yule mwandishi, tangu siku ile hajaandika hadithi ya pili.

Watu wengine watasema, "Sisi Wakristo yatupasa kufundisha, wala hatuna nafasi ya maneno ya kuchezea." Ni kweli, yatupasa kufundisha. Lakini na tutazame jinsi waliotupita sisi walivyofundisha.

Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi, katika kitabu cha pili cha Samweli, mlango wa 12, alikuja na hadithi. Tajiri alikuwa na kondoo na ng'ombe wengi, maskini alikuwa na mwana-kondoo mmoja tu, na tajiri akamnyang'anya. Daudi akasikiliza, akamkasirikia sana tajiri yule, akamhukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Ndipo Nathani alipomwambia ya kuwa mtu huyo ni yeye. Twauliza: kama Nathani angalisimama mlangoni na kusema, "Ee mfalme, nina hadithi, na jina lake ni Mfalme Aliyemchukua Mke wa Uria," je, Daudi angaliisikiliza? Labda Nathani asingaliingia hata ndani. Fundisho lile lilimfikia mfalme moyoni kwa sababu halikutangulia mbele ya hadithi.

Tena kuna mfano wa Bwana wetu katika Luka 10, ambao sisi sote twauita "Msamaria Mwema." Neno hilo "mwema" halimo katika mfano wenyewe. Vichwa vya habari tuvionavyo katika Biblia zetu viliwekwa baadaye na watu waliopanga kitabu ili kutusaidia kutafuta mahali, Luka hakuviandika. Fikirini jinsi mfano ule ulivyosikika siku ya kwanza. Mtu amelala njiani, nusu ya kufa. Kuhani apita upande wa pili. Mlawi naye apita. Wasikilizaji wamngoja mtu wa tatu, na wa tatu anakuja, naye ni Msamaria, mtu wa taifa ambalo Wayahudi hawakupatana nalo! Hapo ndipo palipokuwa na mshindo wa mfano ule. Lakini mtoto wa Shule ya Jumapili leo akisikia jina tu, ajua nani atasaidia kabla mtu hajaanguka mikononi mwa wanyang'anyi. Na zaidi ya hayo, kwake "Msamaria" maana yake ni mtu mwema, basi hana la kustaajabia. Jina limekula nusu ya mfano.

Kadhalika "Mwana Mpotevu," Luka 15. Mfano wenyewe wahesabu wana wawili tangu neno la kwanza, tena wamalizika na yule mkubwa akisimama nje kwa hasira, baba yake akimsihi aingie. Jina lamhesabu mmoja tu. Nasi tumesikia mahubiri mangapi yaliyokomea kwenye ndama aliyenona, na kaka akaachwa nje, hata hatujui kama aliingia! Hatuwalaumu waliopanga vichwa vile, maana kazi yao ilikuwa kutuonyesha mahali, wala hawakudai kuwa ni sehemu ya Maandiko. Tunalosema ni hili: ikiwa jina la maneno mawili laweza kupunguza usikivu wetu hata kwa mifano ya Bwana, je, litaifanyaje hadithi changa ya kijana wa kijijini?

Kuna neno jingine tulisikialo, ya kuwa hadithi za miti isemayo na miji ya vivuli ni uongo, kwa hiyo zahitaji jina la mafundisho ili zitakaswe. Mwenye kusema hivyo na asome Waamuzi 9, jinsi Yothamu alivyosimama juu ya mlima akawahadithia watu wa Shekemu habari ya miti iliyotoka kutafuta mfalme, mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, na mti wa miiba ukakubali. Hatusomi ya kuwa kuna aliyemwita mwongo.

Basi ikiwa majibu yale mawili ni mabaya, jibu jema ni lipi? Mfano tunao, nao ni wa mwalimu mwenzetu. Charles Lutwidge Dodgson alikuwa mwalimu wa hesabu huko Oxford, Uingereza, naye alipewa ushemasi katika Kanisa mwaka 1861. Siku ya tarehe 4 Julai 1862 aliwapakia mashuani watoto watatu wa mkuu wa chuo chake, akawahadithia habari za mtoto Alice aliyemfuata sungura shimoni. Baadaye aliiandika kwa mkono wake, na jina alilolipa kwanza, kwa lugha yetu, lilikuwa kama kusema "Mambo Yaliyompata Alice Chini ya Ardhi." Alipotaka kuipiga chapa akaingiwa na shaka juu ya jina hilo. Tarehe 10 Juni 1864 akamwandikia barua Tom Taylor, mtungaji wa michezo ya kuigiza, akimwomba msaada wa kuchagua jina.

Tazameni jinsi alivyouliza, maana wengi wetu hatujui kuuliza. Hakuandika jina moja na kusema, "Je, lafaa?" Alimwambia rafiki yake kwa maneno machache hadithi ni ya nini: mtoto akaa saa moja chini ya ardhi, akutana na ndege na wanyama wenye kusema. Akamwambia pia kisichomo: wale watu wadogo wa kichawi waliojaa katika ngano za Ulaya hawamo. Akamwambia ya kuwa mambo yote yale ni ndoto, lakini hataki jambo hilo lijulikane mpaka mwisho. Kisha akaeleza kwamba jina la kwanza lilikwisha kuambiwa kuwa lafanana mno na kitabu cha shule chenye mafundisho juu ya migodi. (Twacheka, walakini ni kweli, mtu aonaye "chini ya ardhi" aweza kudhani ni habari za dhahabu na makaa ya mawe.) Jina la pili aliliacha kwa kuogopa kwamba kitabu kingine chenye jina la kufanana nalo kimekwisha kutoka. Ndipo akapanga majina mengine kadhaa, mengine yenye kutaja watu wale wadogo wa kichawi, mengine yenye kutaja nchi ya ajabu, akasema na lile alipendalo kwa wakati ule. Wala hakuficha ya kuwa, ijapokuwa rafiki yake alipenda maadili, yeye alitaka jina la kushtua. Na huyu alikuwa shemasi!

Mtu akipewa habari za namna hii aweza kutoa shauri lenye maana. Majina yale ya watu wa kichawi hayakufaa, kwa kuwa hawamo, na msomaji angalikaa akiwangoja kama watoto wa Darasa la Nne walivyolingoja kosa. Jina lenye neno "ndoto" nalo lisingalifaa, kwa kuwa lingalifungua sanduku kabla ya sikukuu. Likabaki lile la nchi ya ajabu, na kitabu kikatoka nalo mwaka 1865.

Nasi tunacho kitabu hicho kwa Kiswahili, tena mara mbili. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London, iliyokuwa ya chama cha kueneza maarifa ya Kikristo, ilikitoa kwa jina la "Elisi Katika Nchi ya Ajabu," na katika picha zake Elisi ni mtoto wa Kiafrika. Mwaka 2015 ikatoka tafsiri nyingine, "Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu." Mtu akituuliza lipi ni jina bora, hatutamjibu upesi, "Hili zuri, lile baya." Tutamwambia kila moja latufanya tungoje nini. "Katika" latuonyesha msafiri atembeaye nchini, awezaye kurudi kwao apendapo. "Ndani ya" latuonyesha mtu aliyekwisha kumezwa, na mlango umefungwa nyuma yake. "Elisi" ni jina kama lilivyosikika masikioni, "Alisi" ni kama lionekanavyo kitabuni. Sisi, kwa kuwa mtoto yule alianguka shimoni wala hakupanga safari, twaona "ndani ya" lakaribia zaidi hadithi yenyewe, ingawa masikio yetu yapenda utulivu wa lile la zamani. Mwingine ataona vinginevyo, na tutamsikiliza, mradi atupe sababu iliyo katika hadithi.

Wapo watakaotuletea Shaaban Robert, waseme, "Je, huyu hakuweka mafundisho juu ya jalada? Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, si neno la maadili hilo?" Ni swali jema. Lakini jina lile lataja mtu na ndugu zake, basi. Halisemi ndugu walifanya nini wala walipata nini. Msomaji afungua kitabu akitafuta ndugu, akakuta manyani wawili wapigwao kila usiku na mtu mwenye sifa ya wema, naye hawezi kukiweka chini mpaka ajue kwa nini. Na Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni jina la ajabu zaidi. Nchi ile iko angani, haina ardhi ya kukanyaga, nayo yaitwa kwa neno lenye maana ya kuweza kuaminiwa! Jina lenyewe lamwuliza msomaji swali kabla hajafungua ukurasa. Kingalifika mbele ya kamati kama ile tuliyoitaja juu, twajua kingaliitwaje: "Madhara ya Serikali Isiyowasikiliza Raia." Na chini ya serikali ya kikoloni ya siku zile, hatudhani kama kingalipigwa chapa.

Sasa twasema na wale waombwao shauri. Ukiletewa jina, usisome hadithi kwanza. Litazame jina peke yake, umwambie mwandishi, "Kwa jina hili nangoja hadithi ya namna fulani." Ukidhani ni habari za mazimwi, sema mazimwi, ukidhani ni kitabu cha kilimo, sema kilimo, usione haya. Neno hilo la kwanza hutaweza kulisema tena baada ya kusoma, kwa hiyo lina thamani. Kisha soma mpaka mwisho, mpaka mwisho kabisa, si karatasi ya kwanza tu, ndipo umwambie kama ulichongojea kimekuja, au kimekuja kingine kilicho bora, au umedanganywa. Wala usikimbilie kusema, "Mimi ningaliita hivi." Hadithi si yako. Wengi wetu waalimu tuna ugonjwa huu. Tumezoea kalamu nyekundu, hata kitu kisicho na kosa twakipiga mstari ili ionekane tumekisoma.

Na mwandishi naye ana kazi yake, nayo ni ngumu kuliko ya mshauri, maana ni kunyamaza. Ukiambiwa, "Nilidhani ni hadithi ya mazimwi," usijibu, "La, bwana, maana yangu ilikuwa hivi na hivi." Kitabu kitakwenda Tabora na Bagamoyo bila wewe, hutakuwako kumweleza kila msomaji maana yako. Andika alilosema, mshukuru, umwendee mwingine. Uulize na watoto, hasa wasio wa nyumba yako, kwa kuwa hao hawana sababu ya kukupendeza. Watu watatu wakingoja jambo lile lile lisilomo, kosa li katika jina. Mmoja tu asipolipenda, huenda ni ladha yake, nawe waweza kuliacha lilivyo.

Kubadili jina kwa shauri jema si aibu. Hadithi ya Stevenson tuijuayo kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, yeye mwenyewe aliiita kwa maana ya "Mpishi wa Meli." Mwenye gazeti la watoto lililoitoa kwanza, katika miaka ya 1881 na 1882, alilifuta jina hilo akaweka la kisiwa, na Stevenson akalikubali, na kitabu kikatoka nalo mwaka 1883. Lakini angalieni tofauti. Mwenye gazeti yule alichagua kitu kilichomo katika hadithi, tena kitu ambacho watu wote wa hadithi ile wakitafuta. Hakutia kosa la mtoto asiyekosa.

Kwa hiyo twawaambia wazee wetu wa kamati, kwa heshima, walakini bila kuficha. Mnayo haki ya kukataa hadithi isiyofaa shule. Mnayo haki ya kumwita mwandishi na kumwambia jina lake linawaongoza wapi, naye atawasikiliza. Haki ya kulifuta nyuma ya mgongo wake na kuandika fundisho ambalo hadithi haina, hamna. Hadithi ya yule mwalimu kijana ingali ikisomwa kwa jina lisilo lake. Kabla ya masomo ya mwaka ujao kuchaguliwa, twaomba mmoja wenu aisome yote mpaka mwisho, awaambie wenzake ni wapi mtoto yule alipomkataa mzazi wake. Asipopaona, na mwandishi aitwe, aulizwe jina alitakalo yeye.